Mtani Hashtakiwi

Siku Zamoyoni Salmini alipoacha kumtukana, Daktari Scolastika Bujiku alijiona mshindi. Alipita kwenye korido ya maabara kichwa juu, viatu vinalia, na Zamoyoni akasogea ukutani kumpisha. "Habari za asubuhi, Daktari," akasema. Scolastika hakuitikia. Alikuwa na chuki iliyoiva, na mwenye chuki iliyoiva hana nafasi ya salamu.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi katika kituo kimoja cha utafiti pale Shinyanga mjini. Scolastika ni Msukuma wa Mwadui, mkemia, mtoto wa mchambuaji wa almasi. Zamoyoni ni Mzaramo, ingawa Uzaramo wenyewe aliujua kwa kuhadithiwa tu. Babu yake alikuja na reli, akafungua duka la nguo Shinyanga, akazikwa hapohapo. Zamoyoni mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa hadubini. Na Mzaramo na Msukuma, kama ajuavyo kila mwenye akili zake, ni watani. Mababu zao walikutana kwenye njia za misafara, wakagombana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kutukanana hadi kiama bila mtu kununa.

Basi walitukanana. Kila asubuhi Zamoyoni alimwita mtumwa wangu, akamuuliza nani kamruhusu kuvaa viatu. Scolastika alimjibu kwamba mtumwa ni yeye, tena aliuzwa kwa nusu debe la mtama na mnunuzi akajuta. Chapati yake ya saa nne ilikuwa ya wote wawili, maana akigeuka tu nusu imeshaliwa. Na mzee Bujiku alipofariki, Zamoyoni alikwenda Mwadui na kanzu yake ya Ijumaa, akalala chali mdomoni mwa kaburi, akasema jeneza halishuki mpaka apewe kofia ya marehemu. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Akapewa kofia, ile ya kaki yenye ukingo mpana aliyoivaa mzee siku zote za uhai wake, na tangu siku hiyo hakuivua ila wakati wa kuswali na wakati wa kuinama kwenye hadubini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wachimbaji wa Geita huvuta vumbi la mawe mpaka kifua kinakuwa kizito kama gunia la saruji, na kifua kikuu kinapenda mapafu ya namna hiyo. Mwilini kuna seli walaji, askari wanaomeza kila kidudu kinachoingia kifuani. Kidudu cha kifua kikuu ni mjanja. Kikishamezwa hakifi, hukaa humohumo ndani ya askari, kikala na kuzaa. Dawa za hospitali hukifikia huko taratibu, ndiyo maana mgonjwa humeza vidonge miezi na miezi. Scolastika alikuwa akitengeneza vifuko vya polima, aina ya plastiki laini inayoyeyuka yenyewe mwilini, vidogo mno hata hadubini ya kawaida haivioni. Ndani ya kifuko anatia dawa. Askari akikimeza kifuko, amempelekea mpangaji wake sumu mpaka kitandani.

Lakini utajuaje kwamba kifuko kimemezwa, na hakionekani? Hapo ndipo ilipoingia rangi. Pamoja na dawa, Scolastika alitia ndani ya vifuko rangi ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa mwanga wake wa kijani. Akalea seli kwenye visahani, akazimiminia vifuko, akasubiri, akaziosha, akaziweka chini ya hadubini. Ziliwaka. Kisahani kizima kiliwaka kama mji wa Katoro, kule Geita, umeme ukirudi. Scolastika alilia siku ile. Akaipiga picha kwa simu, akamtumia mdogo wake Masalu, mchimbaji wa hukohuko Katoro, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kukohoa. Alimwandikia kwamba hii ndiyo dawa itakayokuja, inaingia kifuani na kuwaka.

Mtoto wa Mwadui hawezi kudharau kinachowaka. Mgodini pale changarawe hupita chini ya miali ya eksirei, almasi ikawaka, mashine ikaipuliza pembeni kwa upepo. "Kinachowaka ndicho," alikuwa akisema mzee Bujiku mezani, na binti yake alikua na msemo huo kama wengine wanavyokua na sala ya kabla ya kula.

Zamoyoni aliziangalia picha zile, akazirudia, akavaa kofia yake. "Mtumwa wangu," akasema, "khanga yako inachuja."

Maana yake haikuwa ngumu. Ukiloweka khanga mpya nyekundu pamoja na kanzu nyeupe, kanzu ikatoka nyekundu, huwezi kusema khanga imeingia ndani ya kanzu. Ni rangi tu iliyohama. Na rangi ya Scolastika haikufungwa kwenye polima kwa kifungo chochote, ilitiwa tu ndani kama sukari kwenye mfuko. Ingeweza kuvuja njiani, ikajipaka yenyewe kwenye mafuta ya seli, na kifuko chenye dawa kikabaki nje kinashangaa. Scolastika alicheka, akamtupia glavu usoni. Wiki iliyofuata Zamoyoni akarudia, na nyingine akarudia tena. Kila alichosema mtu yule kilikuwa utani, mpaka alipoanza kusema la kweli likakosa pa kukaa.

Kisha wakaja wageni. Walikuwa jopo la wataalamu waliotumwa kuamua kama kazi ya Scolastika itoke kwenye visahani, ianze safari ya kuwafikia wagonjwa wa Geita. Alivaa kitenge kipya, akaonyesha picha zake ukutani, ukumbi ukapiga makofi. Ndipo Zamoyoni akasimama kule nyuma na kofia kichwani. Akasema, "Wageni wetu, msidanganywe na huyu mtumwa wangu. Anawaonyesha khanga inayochuja."

Nusu ya ukumbi ikaangua kicheko. Mgeni mmoja asiye wa pande hizi akamgeukia jirani yake kuuliza kwa nini mama yule ameitwa mtumwa. Mwingine akauliza ile habari ya khanga, akaelezwa, akaacha kucheka. Jopo likasema litarudi, na likirudi likute ushahidi zaidi. Scolastika alikusanya vitu vyake akaondoka. Angekuwa na panga, tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine.

Asubuhi yake alikuwa ofisini kwa Profesa Mihayo, mkuu wa kituo, akidai Zamoyoni aadhibiwe. Alisema ameitwa mtumwa mbele ya wageni, yeye mwanamke, msomi, mama wa watoto. Kuhusu khanga hakulalamika, maana kuhusu khanga hakuwa na jibu.

Mihayo naye ni Msukuma. Alimtazama kama mtu aliyeletewa kesi ya jogoo kuwika.

"Mama Noela," akasema, "yule ni mtani wako. Amelala kwenye kaburi la baba yako."

"Kazini hakuna watani, Profesa. Kuna wafanyakazi."

"Mtani hashtakiwi. Hata sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye kanuni za kazi," Scolastika akamjibu.

Na kanuni zilikuwepo, Mihayo hakuwa na pa kukimbilia. Zamoyoni aliitwa, akaulizwa kama ni kweli alitamka neno lile, akasema ni kweli, na kwamba amekuwa akilitamka kila siku ya kazi tangu aajiriwe. Akapewa onyo, akaondolewa kwenye chumba cha hadubini, akapelekwa stoo kugawa kemikali na chupa. Wanasema hakujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mlalamikaji ni Scolastika mwenyewe au kuna mtu aliyemsemea. Alipoambiwa ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akashukuru na kutoka.

Toka hapo maabara ikawa na pande mbili na baridi katikati. Scolastika alibadilisha kitasa cha chumba cha hadubini, akabaki na ufunguo peke yake. Chapati yake ya saa nne sasa aliila nzima, na haikuwa na ladha, lakini angekufa kabla ya kulikiri hilo. Mama wa usafi, mtu mzima wa Kishapu, aliacha kumwitikia. Akimwona anageuza ndoo upande wa pili. Alipokwenda stoo, Zamoyoni alisimama wima. "Daktari anahitaji nini?" Akapewa anachohitaji, kimefutwa vumbi, kwa mikono miwili. Hakuna neno baya hata moja. Scolastika alitamani amtukane ili apate la kumjibu, na kwa kuwa hakutukanwa, alimchukia zaidi. Alimchukia mwendo wake, alichukia namna alivyokohoa, na zaidi ya vyote aliichukia ile kofia ya baba yake kwenye kile kichwa.

Mambo yalikuwa hivyo Melania alipopiga simu kutoka Katoro. Melania ni mke wa Masalu, mwanamke mpole, muuza nyanya, si mtu wa kupiga simu ovyo. Alisema Masalu ameacha dawa za hospitali. Hospitali walishamwambia ni kifua kikuu, wakamwanzisha vidonge, akaanza kupata nafuu. Sasa amevitupa vyote chooni. Kule kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, anawaonyesha watu picha kwenye simu. Anawaambia dada yake ametengeneza dawa inayowasha taa kifuani, hiyo ndiyo anayoisubiri, vidonge vya serikali ni vya watu wasio na dada. Na wenzake wawili wenye kikohozi kama chake wameanza kuuliza nao watapata lini.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa hasira siku hizo, Scolastika akamgeukia Melania. Alimuuliza ni mke gani anayetazama tu mumewe akitupa dawa.

"Wewe ndiye uliyemwambia, dada," Melania akasema. "Mimi sina picha." Akakata simu.

Hapo mtu mwingine angetulia. Scolastika hakutulia. Alijiambia kwamba kama dawa yake inasubiriwa, basi jopo lirudi upesi lipitishe, na ili lipitishe lazima mdomo wa Zamoyoni uzibwe mara moja. Atafanya kipimo cha baridi. Kipimo hiki kila aliyesomea kazi hii anakijua. Seli ikiwekwa kwenye barafu haili, inalala. Ukiipa vifuko ikiwa baridi, haitameza hata kimoja, na haitawaka. Ikiwaka wakati imelala, basi haijala kitu, imepakwa tu. Unaweza kuuliza kwa nini hakukifanya zamani. Hakukifanya kwa sababu ileile inayomzuia mtu kwenda kupima damu akiwa na wasiwasi, na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mashine ya barafu ilikuwa mbovu. Akaenda sokoni kwa wauza samaki, wale wanaoleta sangara kutoka ziwani, akachukua bonge la barafu linalonuka magamba, akalipondaponda mwenyewe kwa mchi. Akavilaza visahani ndani yake. Akasubiri seli zipoe, akazimiminia vifuko, akaziosha vizuri, akajifungia kwenye chumba cha hadubini na ufunguo wake mmoja.

Ziliwaka.

Ziliwaka vilevile, kijani kilekile. Akadhani barafu haikutosha, akaongeza, akarudia. Ziliwaka. Akachukua maji yaliyokuwa na vifuko, akayachuja mpaka vifuko vyote vikabaki kwenye chujio, akazipa seli yale maji matupu. Nazo zikawaka, na safari hii hapakuwa na kifuko hata kimoja cha kusingizia.

Alikaa kwenye kiti cha Zamoyoni, macho yakiwa bado kwenye lenzi. Alimkumbuka baba yake akirudi nyumbani Mwadui macho mekundu. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kazi ya mzee ilikuwa nini hasa. Kama kila kinachowaka ni almasi, na mashine inakipuliza yenyewe, kampuni ingemwajiri mtu na kibano chake kufanya nini? Mzee aliwekwa pale kwa sababu yapo mawe mengine yanayowaka. Kazi yake ilikuwa kuyatoa. Mzee alimaliza maisha yake akitupa vinavyowaka visivyo almasi, na binti yake alikuwa ameshika nusu tu ya maneno yake.

Msidhani hapo alitubu. Kitu cha kwanza alichokihisi ni chuki, tena mpya. Zamani alimchukia Zamoyoni kwa kumwaibisha. Sasa alimchukia kwa kusema kweli, na hiyo ndiyo chuki isiyo na dawa. Alivunja kisahani kimoja kwa makusudi. Kisha akafagia vigae vyake, akanawa uso, akaenda kwa Profesa Mihayo kumwambia kazi yake irudishwe nyuma, jopo lisisumbuke kuja mpaka atakapoifunga rangi kwenye polima kwa kifungo kisichovuja na kuanza upya. Mihayo alisikiliza akikuna kidevu. Alisema itawachukua miaka.

"Na yale mashtaka?" akauliza.

"Yafute."

"Nitayafuta kwenye faili. Zaidi ya hapo sina uwezo. Maji yakimwagika hayazoleki, mama, wewe ni Msukuma, unajua."

Scolastika akaenda Katoro. Nyumba ya Masalu iko nyuma ya makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lake jeupe limekaa juu ya kila kitu, mpaka juu ya majani ya mapapai. Alimkuta mdogo wake kitandani amejifunika koti katika joto la mchana, mashavu yamebonyea. Masalu hakumpa shikamoo. Alimuuliza tu kama ameileta.

Scolastika akamwambia. Hakuzunguka, akamwambia kwamba ile picha ilikuwa ya rangi, si ya dawa. Kwamba dawa ile haipo na haitakuwepo leo wala mwakani. Kwamba mhudumu wa kliniki ameacha vidonge vipya pale kwenye bakuli, na avimeze leo.

Masalu aliinuka polepole akakaa.

"Ulinitumia picha," akasema. "Nimewaonyesha watu. Nimewaambia watu dada yangu si mtu wa mchezo. Sasa unakuja kuniambia ni rangi."

"Nilikosea, Masalu."

"Ulikosea. Na hivi vidonge, nani kakosea? Kesho utakuja tena useme navyo ni rangi." Akashika kikombe cha bati kilichokuwa na uji, akamrushia. Kilimpata begani. "Bhebhe, wewe dada, usirudi hapa. Nitakufa na kifua changu, si na uongo wako."

Akaanza kukohoa, na kitambaa alichojizibia mdomo kikatoka na damu. Melania alimtoa wifi yake nje kwa kumshika mkono. Hakumpangusa uji. Alisema mhudumu wa kliniki naye amefukuzwa, mchungaji amefukuzwa, na wenzake wa duara hawathubutu tena. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akarudi ndani, akafunga mlango.

Njia nzima ya kurudi Shinyanga Scolastika alikuwa akitafuta mtu ambaye Masalu hawezi kumfukuza. Alipitisha wajomba, wazee wa ukoo, hata mkuu wa wachimbaji. Wote wangefukuzwa. Msukuma mwenye hasira anaweza kumfukuza mtu yeyote chini ya jua isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa stoo, anapanga chupa.

Akaenda stoo. Zamoyoni alisimama wima.

"Daktari anahitaji nini?"

"Nahitaji mtani," Scolastika akasema.

Zamoyoni alitazama rafu zake, upande huu na upande huu, kana kwamba anatafuta kweli. "Hicho hatuna stoo," akasema.

Scolastika akamweleza yote akiwa amesimama, bila kumtazama usoni: barafu, picha, vidonge chooni, kikombe cha uji. Alimwambia pia kwamba khanga ilikuwa inachuja. Ilimtoka kwa shida kama jino. Zamoyoni hakutabasamu, wala hakusema nilikuambia, na hilo Scolastika hakumsamehe pia. Alifunga daftari lake la chupa, akaiweka vizuri kofia kichwani.

"Sikubali kwa ajili yako, Daktari. Nataka tuelewane," akasema. "Lakini Masalu hajanishtaki."

Walisafiri viti tofauti. Walipofika kwa Masalu, Zamoyoni hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa mguu, akatoa mfukoni futi ya fundi cherehani, akaanza kumpima mgonjwa kuanzia kisigino. Scolastika alibaki uani, karibu na dirisha, kwa sababu alishakatazwa mlango.

"Nani wewe?" Masalu akauliza.

"Tulia, marehemu. Unanikosesha hesabu." Sauti ya Zamoyoni ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya zamani, nene, yenye dharau ya kutosha kijiji kizima. "Ee, hawa watumwa wangu wamerefuka. Shimo lake litatuvunja mgongo. Melania, nani alikuambia uolewe na mlingoti?"

"Wewe Mzaramo," Masalu akasema, na ni kama aliitambua kofia sasa. "Wewe ndiye uliyelala kwenye kaburi la baba."

"Na lako nitalala, ila nimekuja mapema kuchagua vitu. Msibani watani huwa wengi, watanichukulia. Pikipiki ni yangu. Redio ni yangu. Hili koti linanuka, utazikwa nalo. Mkeo namwona anajua kupika, nitamfikiria."

Masalu alimwambia atoke. Zamoyoni akakaa kitandani. Masalu akamwita mla nazi, akamwita mtoto wa wacheza ngoma wasiojua jembe, akamwambia ukoo wao mzima hauna ng'ombe hata wa kusingiziwa. Maneno yalimtoka na kikohozi, lakini yalitoka, na kila tusi lilimwinua kidogo kutoka kwenye mto. Zamoyoni alipokea yote akitikisa kichwa, kisha akalifikia lile bakuli la vidonge na kulivuta kwake.

"Hivi nitavitupa," akasema. "Usije ukavimeza, mtumwa wangu. Ukimeza utapona, na mimi pikipiki nimeshamwahidi shemeji yangu. Anakuja na kofia yake ngumu kuichukua wiki hii. Utaniaibisha."

Masalu alinyoosha mkono, akalinyakua bakuli. Akaomba maji, Melania akampa mbio. Akameza kidonge kimoja kimoja akimkazia macho Mzaramo, kwa chuki ambayo mtu angedhani ni ya kweli, na cha mwisho akafungua kinywa na kutoa ulimi amwonyeshe.

"Mshenzi wewe," Zamoyoni akasema kwa huzuni kubwa. "Nitapiga simu kesho kuuliza kama umeamka. Na keshokutwa. Mpaka ufe au nichoke."

"Piga. Utanikuta. Na usithubutu kuigusa pikipiki yangu." Wakapeana namba za simu.

Melania alikuwa amejigeuzia ukutani, mabega yakimtikisika. Masalu alijilaza, akatazama dirishani, akamwona dada yake. Alivuta pazia.

Stendi ya Katoro ilikuwa na watu wengi na vumbi jingi, bodaboda zinapigiana honi. Walisimama wakisubiri gari la Geita. Scolastika alikuwa na maneno mengi na hakuna lililofaa, mpaka likamjia moja ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya jopo. Alilipima kwanza mdomoni. Halafu akageuka.

"Asante, mtumwa wangu," akasema.

Zamoyoni alivua kofia. Aliigeuza, akapuliza vumbi la karasha ukingoni, akaunyoosha vizuri kwa kidole gumba, kisha akampa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimpa chupa za stoo.

"Hii ni ya marehemu mzee Bujiku," akasema. "Niliichukua kwa utani. Utani ukiisha, cha mtu kinakuwa wizi."

"Nimeyafuta mashtaka, Zamoyoni. Muulize Profesa."

"Najua, Daktari. Nashukuru sana."

Alisema hivyo bila kejeli yoyote, na Scolastika alimtazama usoni akitafuta kejeli, hata kidogo, hata kwenye kona ya jicho. Hakuipata. Angeomba msamaha pale pale mbele ya bodaboda wote, lakini wa kumwomba alikuwa ameshakuwa mtu baki, mfanyakazi mwenzake mwenye adabu.

Simu ya Zamoyoni ikalia mfukoni. Akatazama jina, na uso wake wote ukafunguka.

"Wewe marehemu," akapaza sauti, akaondoka kuelekea kwenye kivuli cha vibanda ili asikie vizuri, "hujafa tu? Nani kakupa ruhusa ya kushika simu, mtumwa wangu?" Upande wa pili mtu alijibu, na Zamoyoni akapasuka kicheko kile cha zamani, cha kugonga paja. Scolastika alibaki stendi na kofia ya baba yake mkononi, akisikiliza matusi ambayo hayakuwa yake.